Ndege zinapogongana angani, msiba hufika hadi nyumbani kwa rubani aliyebaki

Asubuhi ya Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, ikielekea Diani, pwani ya Kenya. Ilikuwa na abiria 39 na wafanyakazi watano. Haikuchukua muda kukasikika kishindo. Marubani waligeuza ndege, wakarudi Wilson na kutua salama.

Chini, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 ilikuwa imeanguka. Mwalimu na mwanafunzi wake walifariki dunia.

Kwa aliyesikia habari hiyo redioni, hesabu ilikuwa rahisi: wawili wamekufa, 44 wamepona. Kwa marubani, hesabu haikuishia hapo. Wilson ni uwanja ambao ndege za watalii, za kukodi na za vyuo vya urubani hupishana kutwa nzima. Rubani anayebeba abiria leo ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa Cessna jana, akiwa ameketi kando ya mwalimu kama yule.

Ndiyo maana ajali ya aina hii huwagusa marubani kwa namna ya pekee. Anapoisikia, rubani huuliza kwanza ni ndege gani na nani walikuwa ndani. Swali la pili wengi hulimeza: je, ningekuwa mimi?

Macho yanayodanganya

Asiyerusha ndege huona anga ni kubwa mno na kushangaa zinagonganaje. Lakini ndege hazitapakai angani. Hukusanyika panapo viwanja, njia za kuingilia na njia za kutokea, kama magari yanavyojazana stendi hata kama nchi ina barabara ndefu.

Ajali hizi zilianza mapema. Mwaka 1910, kwenye maonyesho ya ndege mjini Milan, Italia, ndege ya Mfaransa René Thomas iliigonga ya Mwingereza Bertram Dickson. Wote wawili walinusurika, ingawa Dickson aliumia vibaya. Ilikuwa miaka michache tu tangu binadamu aanze kuruka, na tayari wawili walikuwa wamekutana pabaya.

Mwaka 1956, ndege mbili za abiria ziligongana juu ya Grand Canyon, Marekani, na kuua watu wote 128. Msiba huo ulichangia kuundwa kwa chombo kipya cha kusimamia anga nchini humo mwaka 1958. Mwaka 1978, ndege ya abiria na Cessna ya mafunzo ziligongana juu ya San Diego. Watu 144 walikufa, wakiwamo waliokuwa majumbani mwao. Marubani wa ndege kubwa walikuwa wameambiwa kuhusu ile ndogo, wakapoteza kuiona na kudhani wameshaipita.

Hapo ndipo penye funzo linalowaumiza marubani zaidi. Jicho la binadamu hunasa kitu kinachosogea. Ndege inayokuja kukugonga haisogei kwenye kioo; hubaki pale pale kama doa, kisha katika sekunde za mwisho hukua ghafla. Ndege mbili zinazokutana uso kwa uso, kila moja kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa, hukaribiana kwa zaidi ya mita 110 kila sekunde. Ndege yenye mabawa juu ya dirisha humziba rubani asione vizuri kilicho juu yake, na yenye mabawa chini humziba asione kilicho chini.

Kwa hiyo rubani aliyempoteza mwenzake anajua kwamba marehemu huenda hakuwa mzembe. Anaweza kuwa alitazama na asione. Fikra hiyo hufariji, na hapo hapo hutisha, kwa sababu maana yake ni kwamba hata aliye makini anaweza kupatwa.

Aliyetua salama

Kuna mzigo mwingine usiosemwa sana, nao ni wa aliyepona. Septemba 29, 2006, ndege ndogo ya kifahari na ndege ya abiria ziligongana juu ya msitu wa Amazon, Brazil. Ile ndogo, ikiwa na watu saba, ilifanikiwa kutua katika kambi ya jeshi. Ya abiria ilianguka na watu wote 154 wakafa.

Jamii humwambia aliyepona kwamba Mungu amemwona, ashukuru. Ni kweli, lakini shukrani haiondoi maswali. Ningegeuza mapema? Ningetazama upande ule? Usiku huyarudisha, hata pale uchunguzi unapoonyesha kwamba asingeweza kufanya lolote.

Ajali ya Überlingen, Ujerumani, inaonyesha jinsi msiba unavyoweza kuzaa msiba mwingine. Usiku wa Julai 1, 2002, ndege ya abiria ya Urusi iligongana na ndege ya mizigo, na watu 71 wakafa, wengi wao watoto wa shule waliokuwa wakienda likizo Hispania. Kifaa cha kuzuia kugongana kiliwaambia marubani wa Urusi wapande, huku mwongoza ndege, aliyekuwa akifanya kazi peke yake zamu hiyo, akiwaambia washuke. Walimtii mwongoza ndege. Ndege ya mizigo nayo ilikuwa ikishuka, kwa amri ya kifaa chake.

Mwaka 2004, baba aliyepoteza mke na watoto wawili katika ajali hiyo alimfuata mwongoza ndege huyo nyumbani kwake Uswisi na kumuua. Familia nyingine ikabaki bila baba. Leo marubani hufundishwa kwamba kifaa na mwongozaji wakitofautiana, kifaa ndicho cha kufuatwa.

Hata hivyo, kifaa si mwisho wa hatari. Ndege nyingi ndogo za mafunzo hazina. Na karibu na ardhi, kifaa huacha kutoa amri ya kupanda au kushuka. Januari 29, 2025, helikopta ya jeshi na ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia kutua ziligongana jijini Washington, zikaangukia Mto Potomac. Watu 67 walipoteza maisha.

Kurudi angani

Kilio huanza na mfiwa, na katika taaluma hii wafiwa ni wengi kuliko wanaoonekana. Wapo wenye namna yao ya kuaga: ndege huruka kwa kundi juu ya maziko, kisha moja hupanda ghafla na kuacha pengo ambalo wenzake hawalizibi. Wapo wanaoomboleza kwa kusoma. Ripoti ya uchunguzi inapotoka, husomwa mstari kwa mstari. Kwa utaratibu wa kimataifa, ripoti hizo huandikwa ili ajali isijirudie, si kumtafuta wa kulaumiwa. Kwa rubani, kujifunza kutokana na kifo cha mwenzake ni kumheshimu.

Lakini ratiba haingoji matanga. Siku mbili tatu baadaye abiria wanasubiri, na rubani anavaa sare. Wengi hujifungia maumivu kifuani, na sababu mojawapo ni cheti cha afya. Bila cheti hicho hakuna kuruka, na pasipo kuruka hakuna mshahara. Rubani huogopa kwamba akisema halali usingizi, atasimamishwa. Hivyo husema yuko sawa, kwa daktari na kwa mkewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nchi nyingine zimeliona hilo. Tangu mwaka 2021, mashirika ya ndege katika Umoja wa Ulaya yanatakiwa kuwa na utaratibu wa marubani kusaidiana, ambapo mwenye shida huzungumza kwa siri na rubani mwenzake aliyefunzwa kusikiliza. Sheria hiyo ilitokana na msiba wa mwaka 2015, pale rubani aliyeficha ugonjwa wake alipoangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps.

Familia ifanye nini?

Pasipo na utaratibu kama huo, msikilizaji wa kwanza ni mke, mume, mzazi au ndugu. Mambo machache husaidia.

Usianze kwa kuuliza ajali ilitokeaje. Uliza kuhusu marehemu: alikuwa mtu wa namna gani, walijuana wapi, alikuwa akichekesha nini. Mfiwa hupata nafuu anapomtaja mtu wake kabla ya kutaja mabaki.

Usimtumie picha za ajali zinazozunguka kwenye simu, wala usimfikishie maneno ya mtaani kuhusu nani mwenye kosa. Wachunguzi wapo, na aliyefariki hawezi kujitetea.

Tazama usingizi, chakula, pombe na hasira za ghafla. Hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, msindikize kwa mtaalamu. Akisema hayuko tayari kuruka, msimsukume kwa ajili ya kodi au ada. Rubani anayekiri kwamba leo hawezi, anawalinda abiria na anawalinda watoto wake.

Watoto nao waambiwe ukweli kwa kiasi cha umri wao. Mtoto wa rubani akisikia shuleni kwamba ndege zimegongana, atahesabu dakika hadi baba au mama arudi. Akiambiwa nyumbani mapema, kwa sauti tulivu, hofu yake hupata mahali pa kutua.

Kwenye viwanja vya porini visivyo na mnara wa kuongozea ndege, rubani hufundishwa kutangaza redioni mahali alipo na anakoelekea, hata kama hakuna anayemjibu. Anasema kwa sababu huenda yupo mwenzake asiyemwona. Kanuni hiyo inafaa kuvuka mlango wa nyumba. Rubani aliyefiwa aseme yuko wapi, na walio nyumbani wawe na subira ya kumsikia.