Mzazi, mtoto anayezama hapigi kelele

Jioni, ufukwe wa Kasingirima, Ujiji, huwa na shughuli nyingi. Kina mama wanaosha vyombo, wavuvi wanaandaa nyavu na taa za kuvulia dagaa, watoto wanaoga. Wakati mwingine mbwa wa nyumbani naye huwafuata watoto hadi majini, akapiga miguu kichwa kikiwa juu, nao wakacheka.

Picha hiyo huwadanganya baadhi ya wazazi. Mbwa wengi hupiga miguu majini bila kufundishwa, hivyo wapo wanaoamini mtoto wa ziwani naye atajua tu, hata akitupwa majini. Si kweli. Mtoto asiyefundishwa huzama, tena kimyakimya.

Wengi tunasubiri kusikia yowe. Lakini anayezama mdomo wake unaingia na kutoka majini. Hapati nafasi ya kuvuta pumzi, sembuse kuita. Mikono yake inakandamiza maji, haipungi. Kwa anayetazama kwa mbali, ni kama anacheza. Chini ya dakika moja anaweza kuwa ameshatoweka, na ubongo ukikosa hewa kwa dakika chache tu huanza kuharibika.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Jicho na mkono

Kwa hiyo, masikio yako hayamlindi mtoto aliye majini. Kwa mdogo, kaa umbali ambao ukinyoosha mkono unamgusa. Simu iweke mfukoni. Mkiwa wazazi wengi, mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mtazamaji, kisha mpokezane. Msimwachie kazi hiyo kaka au dada wa miaka minane. Naye ni mtoto.

Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, na sehemu nyingi za mwambao wake hushuka ghafla. Hatua moja mtoto maji yako kiunoni, inayofuata hapati pa kukanyaga. Aogee sehemu mnayoijua, na asiende peke yake.

Mwambie pia kwamba mpira, ndala au mbwa akichukuliwa na maji, asimfuate. Mbwa ana nafasi kubwa ya kurudi mwenyewe. Mtoto aliyemfuata huenda asirudi.

Mkipanda boti

Kwa familia nyingi za Kigoma, boti ndiyo daladala ya kwenda vijiji vya mwambao. Kabla ya kupanda, hakikisha kuna jaketi okozi la kila mtu, likiwemo la mtoto. Alivae kabla boti haijaondoka. Si la kukalia. Lifunge, kisha livute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno na litamvuka majini. Dumu tupu si mbadala, kwa kuwa wimbi likipiga humponyoka mkononi.

Kina mama, msimfunge mtoto mgongoni kwa kanga mkiwa ndani ya boti. Mkianguka majini, mama anaweza kuelea huku mtoto akiwa chini ya maji. Mpakate mbele, bila kumfunga.

Mkiwa na mbwa, afungwe kamba fupi inayoshikwa na mtu mzima, wala isifungwe kwenye boti. Akirukaruka, abiria huegemea upande mmoja na chombo hupinduka.

Boti ikijaa kupita kiasi, shuka. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018 na kuua watu 228, kilikuwa kimebeba watu wengi kuliko uwezo wake. Nauli iliyopotea hutafutwa tena.

Akizama

Usijitupe majini kama hujafundishwa kuokoa. Wengi hufa wakijaribu kusaidia. Piga kelele kuita watu, kisha mrushie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko, au mnyooshee kasia. Mwingine apige simu namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Akishatolewa, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Kufanya hivyo hupoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, mzibe pua na umpulizie pumzi tano mdomoni. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo hadi apumue au msaada ufike.

Hata akizinduka na kutaka kucheza, mpeleke hospitali. Maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumletea shida saa kadhaa baadaye.

WHO inashauri watoto wenye umri wa kwenda shule wafundishwe kuogelea na kujilinda majini. Kasingirima haikosi watu wazima wanaojua kuogelea. Mtafute mmoja unayemwamini, amfundishe mwanao taratibu, nawe ukiwepo. Akijua kuogelea, bado mtazame.