Leseni Ukutani, Tambara Mezani

Ukiingia bucha la mtaani, liwe la Dar es Salaam, Morogoro au Mwanza, usianze kwa kutazama nyama. Tazama tambara. Ni kipande cha kitambaa kilichokuwa cheupe alfajiri, na sasa kimelala pembeni mwa mzani kikiwa na rangi ya kutu. Muuzaji anafutia kisu, anafutia sahani ya mzani, anapokea noti ya elfu kumi, anafutia mikono, kisha anarudi kufutia kisu kilekile. Nyuma yake kuna vigae vyeupe mpaka juu, wavu wa kuzuia nzi, leseni ya biashara iliyotiwa kwenye fremu na cheti cha kupima afya. Koti jeupe amevaa. Afisa afya akipita leo na kuuliza karatasi, zote zipo. Tambara litabaki palepale.

Hapo ndipo usimamizi wa maduka ya vyakula vibichi unapokwama. Tumezoea kumkagua mfanyabiashara kwa vitu anavyomiliki, na vitu hivyo vinakaguliwa kwa urahisi kwa sababu havihami: kigae kilichobandikwa Januari kitakuwepo Desemba. Uchafu unaowatia watu maradhi hauna tabia hiyo. Unakuja na saa za siku, na maji yaliyokatika, na mkono uliotoka kwenye utumbo ukaenda kwenye steki. Nyama ya ndani ya ng'ombe mzima wa afya huwa karibu haina vijidudu kabisa. Vijidudu vinaletwa na ngozi, kinyesi, visu, maji na mikono, kuanzia machinjioni hadi mezani. Vikishatua, joto linafanya kazi yake: kati ya nyuzi 5 na 60 za selsiasi, bakteria wengi wanaosumbua watu huzaana, na wakipata hali inayowafaa hasa baadhi yao huongezeka maradufu kila dakika 20. Bakteria mmoja wa saa 1 asubuhi anaweza kuwa na kizazi cha zaidi ya milioni 2 ifikapo saa 8 mchana. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika kanda yake ya Afrika watu zaidi ya milioni 91 huugua kila mwaka kutokana na chakula, na 137,000 hufa. Wengi wao hawaingii kwenye rejista yoyote ya hospitali. Wanaambiwa tumbo limechafuka, wanakunywa chumvi na sukari, wanasubiri.

Chukua mfano wa gogo. Kwa miaka mingi mabucha yetu yamekata mifupa kwa shoka juu ya gogo la mti, na mamlaka zimekuwa zikiwahimiza wenye mabucha waachane nalo wahamie kwenye msumeno wa umeme. Nia ni njema. Gogo zito halinyanyuliki kuoshwa, nyufa zake hunywa damu na mafuta, na shoka huacha vipande vya mfupa na mbao ndani ya nyama. Lakini fungua mlango wa pembeni wa msumeno huo jioni, uangalie magurudumu yanayozungusha ukanda wa meno. Utakuta uji wa mafuta na unga wa mifupa umeganda kwenye kona ambazo tambara haliwezi kufika. Mashine isiyofunguliwa na kuoshwa kila siku ni gogo la chuma, tena limefichwa. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, mtafiti Dean Cliver alilinganisha vibao vya kukatia vya mbao na vya plastiki, akakuta kwamba plastiki iliyokwisha kuchanjwa na kisu ilikuwa ngumu kusafisha kuliko wengi walivyodhani, na mbao haikuwa mbaya kama ilivyosemwa. Sisemi turudi kwenye gogo. Kibao kidogo cha jikoni na kisiki cha buchani ni vitu viwili tofauti. Ninachosema ni kwamba kanuni inayoishia kwenye aina ya kifaa, bila kuuliza kinaoshwaje, imefika nusu ya safari.

Tukio la Nairobi mwaka 2019 linaonyesha jambo hilo wazi zaidi. Mwezi Julai, kituo cha televisheni cha NTV kilirusha uchunguzi kuhusu nyama ya supamaketi iliyotiwa sodiamu metabaisulfaiti, kemikali inayoruhusiwa katika baadhi ya vyakula kama matunda yaliyokaushwa, na isiyopaswa kutiwa kwenye nyama mbichi. Ikinyunyizwa, nyama iliyoanza kuchoka hurudia wekundu wake na harufu hupungua. Kwa mwenye pumu, inaweza kuleta shambulio. Jiulize iliuzwa wapi. Haikuwa kwenye kibanda cha mabati kando ya mtaro. Ilikuwa nyuma ya kioo, chini ya taa, kwenye maduka rasmi yenye majokofu yanayounguruma. Wakaguzi waliingia mbioni baada ya kamera kupita. Kama leseni ingekuwa ushahidi wa usalama, kamera isingekuwa na la kuonyesha.

Sababu moja ya udhaifu huu ni kwamba leseni imekuwa chombo cha mapato kabla ya kuwa chombo cha afya. Inalipiwa, inatolewa, inasubiri mwaka mwingine. Nyingine ni wingi wa mikono. Kwa Tanzania, mkaguzi wa nyama hupiga muhuri machinjioni, afisa afya wa halmashauri huangalia duka, Bodi ya Nyama iliundwa chini ya sheria ya mwaka 2006 kuisimamia tasnia, na mwaka 2019 usalama wa chakula ulihamishwa kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango. Kila ofisi ina kipande chake. Safari ya nyama kutoka machinjioni hadi buchani, mara nyingi kwenye boksi nyuma ya pikipiki, inapita katikati ya vipande hivyo. Na muhuri wenyewe uko kwenye paja. Paja likishakatwa, kilo zinazobaki hazina alama ya kutuambia zimetoka wapi.

Wapo watakaosema tunajisumbua, kwa kuwa nyama yetu hailiwi mbichi. Supu inachemka kwa saa tatu, na kijidudu gani kitapona? Ni hoja ya haki, na kwa kweli mapishi yetu yanatuokoa kila siku. Lakini kisu na kibao vilivyokata nyama ndivyo vinavyokata nyanya za kachumbari, na kachumbari haichemshwi. Sumu inayotolewa na bakteria aina ya stafilokokasi hustahimili kuchemka hata bakteria wenyewe wakifa. Kemikali ya Nairobi haikupaswa kuwamo kwenye nyama tangu mwanzo. Na kimeta hakisubiri mezani: humwingia mchinjaji na mkataji kupitia mkwaruzo kwenye ngozi.

Pingamizi zito zaidi ni la mfukoni. Ukikaza kanuni, unamfungia duka mwenye bucha moja, nyama inapanda bei, na biashara inakimbilia uchochoroni ambako hakuna anayekagua. Nalikubali hilo linapohusu kukaza kwa kufuli. Msako wa mara moja kwa mwaka, wenye polisi na kamera, humfundisha muuzaji kumwogopa mkaguzi, na hofu hiyo ndiyo soko la rushwa. Ila kuna njia nyingine iliyokwisha kujaribiwa jirani. Nchini Kenya, wachuuzi wa maziwa walikuwa wakifukuzwa mitaani ingawa ndio waliobeba sehemu kubwa ya maziwa yaliyouzwa. Katika miaka ya 2000, baada ya utafiti uliohusisha Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) ya Nairobi, Bodi ya Maziwa ilianza kuwatambua: wafunzwe usafi, watumie vyombo vinavyosafishika, wapime maziwa kwa vipimo rahisi, kisha wapewe leseni. Leseni ikaja baada ya ujuzi. Kwa bucha, mafunzo ya namna hiyo hayahitaji mamilioni: ndoo ya maji yenye koki, sabuni, visu viwili vya kubadilishana, mtu mmoja wa kushika pesa na mwingine wa kushika nyama, na tambara kuchemshwa au kutupwa.

Mnunuzi naye apewe macho. Denmark tangu 2001 hubandika matokeo ya ukaguzi mlangoni kwa alama ya uso unaotabasamu au kununa; Los Angeles ilianza kubandika herufi za daraja la usafi mwaka 1998. Wachumi waliodai kwamba herufi hizo zilipunguza wagonjwa wamepingwa na wengine waliorudia hesabu, kwa hiyo nisiziuze kama dawa. Na ni kweli kwamba alama ya mlangoni nayo inaweza kununuliwa. Lakini alama iliyobandikwa hadharani hukaguliwa na kila mama anayekuja kununua nusu kilo. Akiona tabasamu mlangoni na nzi mezani, mkaguzi ndiye atakayeulizwa. Wauza nyama wenyewe wana sababu ya kulitaka hilo. Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia Kenya na Tanzania mwaka 2006 hadi 2007 na kuua watu zaidi ya 100 katika kila nchi, wateja waliogopa nyama yote. Bucha safi na bucha chafu yalikosa wateja pamoja, kwa kuwa hakuna mteja aliyekuwa na njia ya kuyatofautisha.

Kazi ya kukagua na kubandika matokeo ina mahali pake pa kuanzia. Masoko mengi na machinjio mengi ni mali ya halmashauri zenyewe, na ushuru wake hukusanywa kila siku kabla jua halijawa kali. Afisa afya aanzie hapo, kwa mwajiri wake: afungue bomba la soko aone kama linatoa maji, akague sakafu ya machinjio na mtaro wake, abandike matokeo kwenye lango ambalo ushuru unapokelewa. Kisha ndipo avuke barabara kwenda kwa mwenye bucha kumuuliza tambara lake limefuliwa lini.