Dishi Lipo, Chaneli Hakuna

Jumapili ya Septemba 1, 2024, Marekani ilikuwa kwenye mapumziko marefu ya Siku ya Wafanyakazi. Mashabiki wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo walikuwa wameshakaa sebuleni kuisubiri mechi ya Southern California na Louisiana State pale Las Vegas. Dakika chache kabla ya mpira kuanza, wateja wa DirecTV, kampuni ya televisheni ya setilaiti, wakashuhudia chaneli ya michezo ya ESPN ikikatika. Badala ya uwanja, wakaletewa maelezo ya mvutano wa kibiashara kati ya kampuni yao na Disney, mmiliki wa ESPN. Wateja waliokumbwa na zahama hiyo walizidi milioni 11, wala hawakukatiwa kwa sababu ya deni.

Wengi waliuchukulia kama mkasa wa mechi. Lakini Disney inamiliki pia vituo vya ABC katika miji kama New York, Los Angeles, Chicago, Houston na Philadelphia, navyo viliondoka usiku huohuo pamoja na taarifa zake za habari za mji, hali ya hewa na barabara. Septemba 10, Kamala Harris na Donald Trump walipokutana kwenye mdahalo ulioandaliwa na ABC, mdahalo huo ulifanyika Philadelphia. Mkazi wa Philadelphia mwenye dishi la DirecTV hakuweza kuutazama kwenye kituo cha ABC cha mji wake mwenyewe. Ilimbidi autafute kwenye chaneli nyingine zilizoupokea. Picha zilirudi Septemba 14, Jumamosi, siku ya futiboli ya vyuo.

Kinachoniudhi ni kwamba vituo hivi vya mji hurushwa hewani bure. Mwenye antena anavipata bila kulipa senti. Ila sheria ya mwaka 1992 ilikipa kila kituo cha kibiashara haki ya kuchagua, kila baada ya miaka mitatu: ama kiilazimishe kampuni ya kebo kukibeba bila malipo, ama kiiambie, "Hunibebi mpaka tukubaliane bei." Mwaka 1999 Bunge liliziruhusu kampuni za setilaiti nazo kuwarushia wateja vituo vya miji yao, na mtego uleule ukahamia kwenye madishi.

Mwanzoni pesa taslimu hazikuwa nyingi. Wamiliki wakubwa walipendelea kulipwa kwa kupewa nafasi ya chaneli mpya. ESPN2 ilienea kwa njia hiyo. Mwaka 2005 Nexstar, kampuni inayomiliki vituo vya miji, ilikaza kamba ikitaka pesa, na wengine wakaifuata. Leo malipo haya yanazidi dola bilioni 10 kwa mwaka, na sehemu kubwa haibaki kwenye chumba cha habari cha mji mdogo. Kituo kinapokea kwa mkono mmoja na kulipa kwa mwingine, kwa sababu kampuni kubwa zinazokipa mechi na tamthilia nazo zinadai chao. Mwisho wa mnyororo huo yupo mteja. Bili yake inapanda, na siku wakubwa wakikosana, kinachokatwa ni chaneli yake.

Siku hiyo nayo si ya bahati mbaya. Mikataba mingi humalizika pale ambapo mtazamaji ana uchungu zaidi: mwishoni mwa Agosti msimu wa futiboli unapofunguliwa, au Desemba 31. Kituo kinapitisha maandishi chini ya skrini kikiwahimiza watu waipigie simu kampuni ya dishi. Kampuni nayo inajibu kwamba kituo kina tamaa. Yule anayelipa anageuzwa silaha ya pande zote mbili, na kwenye meza ya mazungumzo hana hata kigoda.

Msuguano wa Dish, kampuni nyingine ya setilaiti, na Tegna, mmiliki wa vituo vya miji, ulianza Oktoba 2021 na kumalizika Februari 2022. Vituo zaidi ya 60 vilikosekana kwa miezi minne, yaani sehemu kubwa ya msimu wa futiboli. Wapo wanaosema, "Si waweke antena?" Kwa mtu wa katikati ya Chicago, sawa. Lakini wanaotegemea dishi zaidi ni watu wa mashambani ambako waya wa kebo haukufika, na mabondeni ambako mlima unaziba mawimbi ya kituo. Huyo ndiye anayehitaji mtangazaji wa mji wake amwambie kimbunga kimefika kijiji gani.

Hata kwetu Afrika Mashariki chaneli zimewahi kukatwa. Wakenya wanakumbuka Februari 2015, Citizen, NTV na KTN zilipotoweka hewani kwa wiki kadhaa katika mvutano wa kuhamia dijitali. Watanzania wanakumbuka Agosti 2018, chaneli za ndani zilipoondolewa kwenye baadhi ya visimbuzi vya kulipia kwa sababu ya masharti ya leseni. Kwetu mamlaka ilikuwa ndani ya ugomvi wenyewe. Kule Marekani, FCC, yaani tume ya mawasiliano, inakaa pembeni: inachoweza kudai ni kwamba pande zote zijadiliane kwa nia njema. Januari 2024 ilipendekeza mteja arudishiwe pesa chaneli inapokatwa. Ni haki, ila haitoshi, maana vijidola vichache havimrudishii mtu taarifa ya kimbunga aliyoikosa. Dawa ni kupiga marufuku kukata. Mazungumzo yakiendelea, chaneli ibaki hewani kwa bei ya zamani. Wakishakubaliana, bei mpya ihesabiwe tangu mkataba wa zamani ulipoisha. Hakuna kampuni itakayopoteza kitu, ila itanyang'anywa fimbo ya kumchapia mteja.

Mamilioni wamechoka wakang'oa madishi. Dish iliyokuwa na wateja takriban milioni 14 mwaka 2014 ilibaki na chini ya milioni sita miaka kumi baadaye. Wengi walikimbilia televisheni ya intaneti kama YouTube TV. Huko nako, Oktoba 30, 2025, chaneli za Disney zilizimwa kwa takriban wiki mbili. Uchaguzi wa Novemba 4 ulipokaribia, Disney iliomba ABC irudishwe kwa siku hiyo moja ili watu wapate matokeo. Google, mmiliki wa YouTube TV, ilikataa na kutaka ABC na ESPN zirudishwe zote mpaka mazungumzo yaishe. Uchaguzi ukapita, ABC ikiwa bado haipo.