Kiwanja cha mawe Morogoro: hasara ya bustani huanzia chini ya nyasi

MVUA za masika zinapokaribia, wauza miche wa mjini Morogoro huanza kupata wateja wa bustani za nyasi. Mmoja ana nyumba ya wageni, mwingine ana ukumbi wa harusi, mwingine ni mfanyakazi aliyemaliza kujenga nyumba yake Bigwa au Kola, chini kabisa ya Milima ya Uluguru. Bei hupatanwa hapo hapo kwa kila mita ya mraba. Nyasi hupakiwa kwenye pikapu, vijana wawili huzipanda kwa siku moja, na kwa miezi miwili kila kitu huwa kijani.

Kisha kiangazi huingia. Ifikapo Agosti bustani ina mabaka ya njano, na katikati ya mabaka hayo vichwa vya mawe vimeanza kuchungulia. Mteja hukataa kumalizia fedha zilizobaki. Muuza miche naye husema nyasi zimekufa kwa kukosa maji. Kumbe kosa lilifanyika kabla hata ya pikapu kufika, kwa sababu hakuna aliyepiga sururu ardhini kuona kuna nini.

Uluguru ni milima ya miamba ya kale na migumu. Katika viwanja vingi vya miteremko yake, udongo mzuri wenye rutuba ni tabaka jembamba tu juu ya mawe na udongo mwekundu uliofifia. Jiwe likiwa sentimeta 5 chini ya nyasi, udongo ulio juu yake ni kama maji ndani ya kisahani: hukauka upesi, hupata joto, na mizizi haina pa kukimbilia. Jiwe hilo hilo likiwa sentimeta 25 chini halimsumbui mtu. Kwa hiyo hakuna haja ya kung'oa kila jiwe. Kinachotakiwa ni kina cha sentimeta 15 hadi 20 za udongo safi, basi.

Kosa kubwa zaidi hufanywa na wenye haraka ya kusawazisha. Hukodi greda au kundi la vibarua, wakakata mteremko na kuusukuma wote upande wa chini. Kiwanja huwa tambarare kama meza, lakini udongo wenye rutuba umefukiwa na ule wa chini, usio na uhai, ndio uliobaki juu.

Waluguru wanalijua jambo hili vizuri kuliko wengi. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, uliojulikana kwa kifupi chake cha ULUS, ukiwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi milimani. Nia iliyotajwa ilikuwa kuzuia mmomonyoko. Lakini kazi ilikuwa ya shuruti, na mahali pengi uchimbaji ulifukia udongo mzuri na kuinua ule mbovu, mazao yakadorora. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Mambo yaliyowaudhi wananchi yalikuwa mengi, lakini hilo la udongo halikuwa dogo.

Kazi nzuri basi huanza kwa kukwangua. Udongo wa juu, hata kama ni sentimeta 10 tu, hukusanywa kwa jembe na beleshi na kurundikwa pembeni. Baada ya hapo ndipo sururu na mtaimbo huingia. Mawe yanayotoka si takataka. Makubwa yanafaa kwa msingi, ya wastani hugongwa kuwa kokoto, na Morogoro soko la vitu hivyo halikosekani. Mwenye kiwanja mwerevu hupatana na vibarua mapema: mawe ni ya nani? Wapo wanaopunguza ujira wakiachiwa mawe.

Kwenye mteremko, hata hivyo, si vyema kuyauza yote. Mawe yaliyopangwa kwa mstari kukingama mteremko, yakizikwa nusu, hushika udongo wakati wa masika. Aliyeyaondoa yote hujikuta mwezi Aprili akichota udongo wake barabarani. Mwamba mkubwa usiong'oka uachwe ulivyo na kuzungushiwa maua. Kuufunika kwa udongo wa kiganja kimoja ni kujidanganya.

Udongo uliowekwa pembeni huchekechwa kwa wavu wa mafundi ujenzi, ukachanganywa na samadi iliyooza na kurudishwa. Samadi mbichi huunguza mizizi na huja na mbegu za magugu. Pumba za mpunga, ambazo Morogoro ni nyingi, nazo zioze kwanza.

Usipotosha, itabidi kununua, na hapa ndipo hesabu huwa kali. Bustani ya mita 10 kwa 20 ina mita za mraba 200. Kuiongezea sentimeta 10 ni mita za ujazo 20. Lori la tani 7 hubeba takriban mita za ujazo 5, hivyo ni tripu nne, na ya tano kwa sababu udongo hushindiliwa na kushuka. Mnunuzi aulize unakotoka. Udongo wa mabondeni mara nyingi huja na ndago, na ndago ikishaingia kwenye bustani hutoka kwa shida kubwa. Wa kingo za mto usiguswe: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wa msitu wa hifadhi juu mlimani ni wizi tu.

Baada ya kusambazwa, udongo umwagiliwe na kuachwa wiki mbili au tatu. Utashuka, mabonde yataonekana, na magugu yataota yang'olewe. Wengi huona kusubiri huku ni kupoteza muda. Ni muda wenye faida kuliko mwingine wowote katika kazi hii.

Kwenye jua kali ukoka ndio unaostahimili. Nyasi za Pemba zinafaa zaidi penye kivuli cha miti. Pingili zikipandwa kwa nafasi ya sentimeta 15 kila upande, bustani ile ya mita za mraba 200 itameza karibu pingili 9,000. Zikihitaji lita 5 kwa mita ya mraba, kumwagilia mara moja ni lita 1,000, yaani uniti nzima ya maji. Ndiyo maana mwanzo wa masika ni bora kuliko Juni.

Kwa muuza miche, bei ya mita ya mraba isitajwe kabla ya kuchimba mashimo matano ya kina cha sentimeta 30 mbele ya mteja. Kazi ya ardhi iandikwe bei yake, nyasi zake. Mteja akisema ardhi ataiandaa mwenyewe, ni haki yake, ila iandikwe hivyo kwenye makubaliano, na malipo ya nyasi yamalizwe siku ya kupanda. Nyasi za kufidia Agosti hugharimu sawa na zile za Machi.