Matokeo Yakiwa Mabaya, Nyumbani Utasema Nini?

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, mitaa ya Malukhu hubadilika sauti. Hutangulia matokeo ya darasa la saba, yakafuata ya kidato cha nne, na mwisho ya kidato cha sita. Zamani za mtihani wa Cambridge karatasi zilisahihishwa Uingereza, na mwanafunzi alingoja miezi mizima mpaka habari zirudi. Siku hizi matokeo huja kwa simu, na mara nyingi jirani huyajua kabla ya mama mzazi. Aliyefaulu huchinjiwa kuku. Aliyeshindwa huonekana akipanda taksi kwenda Jinja kumtembelea mjomba, na mjomba mwenyewe hana habari.

Ni huyo wa pili ninayetaka kusema naye, pamoja nanyi wanafunzi wa zamani, maana mnayo kazi yenu katika jambo hili.

Kwanza yafaa tufahamu kwa nini wazee hukasirika. Baba amelipa karo kwa kahawa ya mlimani, pengine ameuza ng'ombe, na katika nyumba nyingine binti ameachishwa shule ili karo ya kaka yake itoshe. (Jambo hili la binti ni baya, nalisema waziwazi, lakini lipo.) Tena kuna habari ya zamani. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, viwanda vilifuata umeme, na kijana mwenye cheti aliweza kupata ukarani wa reli, wa benki au wa kiwanda. Wazee waliyaona hayo kwa macho yao. Viwanda vingi vilianguka katika miaka ya 1970, lakini imani ile haikuanguka, kwamba mtoto mmoja akipasi jamaa nzima imepona. Basi matokeo mabaya yakija, baba haoni alama za hesabu; aona ng'ombe wake.

Kwa hiyo kujificha ni kubaya mara mbili. Baba atajua tu, na akijua kwa kinywa cha jirani atakuwa na hasira mbili, moja ya mtihani na moja ya kudanganywa. Tena shule na vyuo haviwangoji watu walio safarini. Majuma matatu ya kukaa Jinja yaweza kukupotezea nafasi ambayo alama zako, hata hizo usizozipenda, zingeipata.

Kabla ya kwenda nyumbani, kaa peke yako uyasome matokeo yako vizuri. Wengi hawayasomi, huangalia jumla tu, wakalia. Chukua kijana wa kidato cha sita aliyepata E, E na O katika masomo yake makuu matatu, akapasi na masomo mawili madogo. E ni pointi 2, O ni 1, na kila somo dogo 1, basi jumla yake ni 7 katika 20. Mtaani watasema ameanguka. Lakini sharti la kuingia shahada ni pasi kuu mbili zilizopatikana katika mtihani mmoja, pamoja na pasi tano za kidato cha nne. E ni pasi kuu. Kijana huyu anayo haki ya kuomba shahada, ingawa si ya udaktari, na si kwa fedha ya serikali. Serikali kwa miaka mingi imelipia wanafunzi wapatao 4,000 tu kwa mwaka, hali watahiniwa wa kidato cha sita mwaka 2023 walizidi 100,000. Hata waliochinjiwa kuku, wengi wao hawatalipiwa. Mwenye pasi kuu moja na ndogo mbili aweza kuomba stashahada, na kutoka huko, akifanya vema, kuingia shahada. Njia hii ni ndefu, lakini inafika.

Kwa kidato cha nne kuna tatizo jingine, nalo linachekesha kidogo. Tangu mtihani wa 2024 hakuna tena daraja la kwanza wala la pili. Kila somo hupewa herufi yake, A mpaka E, na kazi za darasani huhesabiwa 20 kwa mia. Baba anauliza, "Daraja la ngapi?" Mtoto anajibu, "Hakuna daraja." Baba anaona amefichwa jambo. Mweleze kwa upole, somo kwa somo. Yeye alisoma kwa hesabu nyingine.

Ufundi nao huleta ugomvi. Mbale kuna chuo cha ufundi, Uganda Technical College Elgon, na bado wazee husema kwamba ufundi ni wa walioshindwa. Wakumbusheni kwamba Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, yenye vijana 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika.

Kurudia mtihani kunaruhusiwa, lakini kwanza ujue sababu ya kuanguka. Aliyeugua malaria wakati wa mtihani arudie. Aliyechaguliwa fizikia na baba yake, naye haijui wala haipendi, akirudia fizikia ileile atanunua matokeo yaleyale kwa karo mpya.

Katika nchi hii ya Wagisu watu hulinganisha mtihani na imbalu: simama imara, usiaibishe ukoo. Mimi siukubali ulinganifu huo. Katika imbalu hakuna anayepewa nafasi ya kwanza wala ya mia. Kila kijana aliyesimama hutoka mwanamume. Mtihani hupanga watu kwa mstari, na lazima awepo wa nyuma. Ukoo hauaibiki kwa hilo.

Yuko kijana ambaye huzuni humzidi, akaacha kula, akaanza kusema afadhali afe. Maneno hayo msiyafanye mzaha wala utoto. Msimwache peke yake hata usiku mmoja. Mwambieni mtu mzima, mkamfikishe Hospitali ya Rufaa ya Mbale, kwani maradhi ya moyo na akili yanatibiwa huko kama maradhi mengine.

Sasa ninyi wanafunzi wa zamani. Kwetu jambo zito halisemwi na mwenye kosa; hutafutwa mtu wa kulipeleka. Kijana akija kwako, usimpe hotuba. Fuatana naye nyumbani. Baba atamfokea mwanawe, lakini mgeni atamwekea kiti. Wewe sema ulipata alama gani na leo unafanya kazi gani. Wengi wenu hamkuwa wa kwanza, nasi twawajua. Kijana achukue karatasi moja aliyoandika mambo matatu: alichopata, chuo au shule anayotaka kuomba, na karo yake kwa muhula. Mzee akitaja ng'ombe, msimkatize. Mwacheni amtaje mpaka amalize. Nendeni jioni, akiisha kula.