Bampa la Plastiki Likibonyea: Jinsi ya Kulinyoosha Nyumbani



Katika wilaya zetu za Ngara na Biharamulo ni nadra kuona gari dogo lisilo na alama. Barabara inayotoka Nyakanazi kupitia Lusahunga, Nyakahura na Benaco hadi Rusumo hupitisha malori mengi yaendayo Rwanda, na njia ya Kabanga hupitisha yale ya Burundi. Ongeza hapo mbuzi, baiskeli za ndizi na mageti membamba ya nyumba zetu. Mara nyingi sehemu ya kwanza kugongwa ni bampa. Makala hii inaeleza namna ya kulirudisha bampa lililobonyea kidogo, kwa maji ya moto tu.

KWA NINI MAJI YA MOTO?

Zamani bampa lilikuwa chuma. Land Rover ya serikali ikigongwa, fundi alichukua nyundo. Kuanzia miaka ya 1970 viwanda vilianza kuhamia kwenye plastiki. Renault 5 iliyotoka Ufaransa mwaka 1972 ni miongoni mwa magari ya mwanzo kuwa na bampa za namna hiyo. Leo bampa nyingi ni za plastiki iitwayo polipropilini, jamaa ya ile inayotengeneza viti na mabeseni yetu. Ukichungulia upande wa ndani wa bampa, mara nyingi utakuta herufi PP zimechapwa.

Plastiki hii ina tabia mbili za kukumbuka. Kwanza, ikipata joto hulainika, na ikipoa hukakamaa tena. Pili, huelekea kurudia umbo ililopewa kiwandani. Likigongwa polepole, bampa hubonyea na kunasa hapo. Joto hulegeza pale liliponasa, na msukumo mdogo hulirudisha. Utaona jambo kama hilo kwa dumu la maji lililobonyea ukilimiminia maji ya moto.

Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi joto 160. Maji hayawezi kufika huko, kwa hiyo hulainisha bila kuharibu. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, kama ilivyo sehemu nyingi za milima ya Ngara, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Kwa hiyo yatumie mara tu yanapochemka, usiyaache yapoe njiani kutoka jikoni.

KAGUA KWANZA

Njia hii inafaa kwa bonde dogo, la mviringo, lisilo na ufa. Kama plastiki imepasuka, au imekunjika na kuacha mstari mkali, au rangi imebanduka, maji hayatatosha, mpelekee fundi. Hakikisha pia kuwa ni plastiki: sumaku hainasi juu yake. Tazama kama bampa limeng'oka kwenye vibanio vyake au linagusa tairi. Hali hiyo ni hatari barabarani, na gari lisiondoke kabla ya kutengenezwa.

VIFAA

Birika la maji yanayochemka (lita 3 hadi 5), ndoo ya maji baridi, sabuni, kitambaa, glavu nene, bisibisi, na mpini wa mti uliofungwa kitambaa mwishoni.

HATUA

1. Egesha gari mahali tambarare, zima injini na uiache ipoe, vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye tairi.

2. Osha sehemu iliyobonyea kwa sabuni. Vumbi letu jekundu lina mchanga, nao hukwaruza rangi unaposukuma.

3. Tafuta njia ya kufikia nyuma ya bonde. Mara nyingine mkono hupita chini ya bampa. Mara nyingine hufunguliwa ile plastiki nyeusi iliyo juu ya tairi. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee.

4. Mimina maji ya moto polepole kuanzia juu ya bonde, ukizungusha pande zote, kwa muda wa dakika moja hivi. Usiyamwagie taa wala nyaya.

5. Papo hapo, ukiwa na glavu, sukuma kutoka ndani. Anza pembeni mwa bonde ukielekea katikati, kwa nguvu ya wastani. Usipige nyundo.

6. Likirudi, mwagia maji baridi ili likakamae katika umbo lake. Likirudi nusu, rudia. Mara mbili au tatu ni kawaida.

TAHADHARI

Mkubwa mmoja ndiye abebe birika. Watoto wakae mbali, kwani maji hayo huunguza ngozi mara moja. Usitumie jiko la mkaa, kiberiti wala kitambaa kilichochovywa mafuta. Moto huo hupita sana nyuzi 160, rangi hutoa malengelenge, na plastiki yenyewe hushika moto karibu na tangi la petroli. Aliye na umeme anaweza kutumia draya ya kukaushia nywele badala ya maji, asiishikilie mahali pamoja.

GARI LA WATU NI AMANA

Wengi wetu huendesha gari la tajiri, la jirani au la mjomba. Bampa likibonyea mikononi mwako, mweleze mwenyewe kabla ya kushika birika. Bonde linaweza kutoweka kwa nje, huku kibanio cha ndani kimevunjika, na atakayeumia kesho ni abiria asiyejua lolote. Mwenye mali ana haki ya kujua na ya kuchagua fundi.

Vivyo hivyo kwa anayeuza. Kunyoosha bampa si kosa, lakini mnunuzi akiuliza kama gari liligongwa, aambiwe ukweli, na hata asipouliza, kasoro unayoijua itajwe. Kuificha ni ghushi, nayo huondoa baraka katika biashara.

Wabillahi tawfiq.