Vikaragosi vya Bwana Gado

Wasikilizaji wetu, na ninyi wa Matongo mtakaoyasoma maneno haya: sanamu ya mpira yaweza kusema jambo ambalo mtu hathubutu kulisema kwa kinywa chake. Sikilizeni habari za Bwana Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, na tangu ujana wake alichora picha za kuchekesha magazetini. Alisomea ubunifu wa majengo katika Chuo cha Ardhi, lakini mwaka 1992 akaenda Nairobi kuchorea gazeti la Daily Nation. Baadaye aliona mchezo wa televisheni ya Ufaransa uitwao Les Guignols de l'Info, ambao vikaragosi vyake viliwadhihaki wakubwa wa nchi ile. Akaazimia kufanya mfano wake kwetu.

Je, kikaragosi hutengenezwaje? Fundi hufinyanga kichwa kwa udongo mpaka kifanane na mtu. Kisha hufanya kalibu, akamimina ndani yake mpira ulio majimaji. Ukishikana, hutoka uso ukunjikao kama ngozi. Ndipo hutiwa macho na nywele, kikavikwa nguo. Mchezaji hujificha chini, akatia mkono kichwani na kuchezesha kinywa. Mpiga picha naye huangalia mchezaji asionekane.

Mchezo wa Gado, The XYZ Show, ulianza katika televisheni ya Citizen mwaka 2009. Kenya ilikuwa ingali na majeraha, kwani machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwaua watu zaidi ya 1,000. Sasa watu waliwaona Rais Kibaki na Waziri Mkuu Odinga wakiwa sanamu za mpira, wakiulizwa yale ambayo raia walinong'onezana majumbani. Kicheko hakifufui wafu, lakini hupunguza woga, na mtu asiyeogopa huuliza.

Kazi hii si ngeni. Neno kikaragosi lenyewe lina asili yake katika Karagöz, mchekeshaji wa michezo ya vivuli ya Waturuki, aliyewadhihaki wakubwa tangu zamani.

Nanyi wanafunzi, udongo wa kando ya mto Mara hauna bei. Finyangeni, chezeni, lakini dhihaka yenu imwelekee mwenye nguvu akoseaye, isimwonee mnyonge.